Mashine Moja, Watu Wengi

Wahenga wetu walisema ya kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Usemi huo watufundisha kushirikiana katika kazi; lakini liko jambo jingine lililo gumu zaidi, nalo ni kushirikiana katika chombo. Watu kumi waweza kulima shamba moja kwa majembe kumi bila ya kugombana. Wape jembe moja tu, ndipo utakapoona kama wana utaratibu au hawana: nani atangulie, nani angoje, nani alinoe, na likivunjika, ni nani ajuaye kulitia mpini.

Habari nitakayoieleza hapa ni habari ya jembe la namna hiyo, yaani printa, mashine ile ipigayo chapa maandishi yaliyotungwa katika tarakilishi. Ingia katika afisi ya shule yoyote kubwa mjini Kakamega mwisho wa muhula unapokaribia. Mwalimu wa hesabu ana mtihani wa kupiga chapa. Wa Kiswahili ana wake. Karani ana barua za wazazi. Mhasibu ana stakabadhi. Tarakilishi huenda zikawa kumi au ishirini, na printa ni moja. Kama printa hiyo imefungwa kwa waya kwenye tarakilishi moja, basi kila mtu hana budi kuibeba kazi yake katika diski ndogo, kwenda mpaka kwenye meza ile, na kumwomba mwenye meza ainuke. Lakini kama shule ina seva, yaani tarakilishi moja iliyowekwa kuwatumikia wote, kila mtu huipeleka kazi yake akiwa palepale alipoketi, na seva huzipanga kazi zote kwa zamu. Watu walifikaje hapo? Na kwa nini seva nyingi za kazi hii huendeshwa kwa programu iitwayo Linux, ambayo haina bei? Ili kuyajibu maswali hayo, yatupasa kurudi nyuma kidogo.

Kupiga chapa katika Afrika ya Mashariki ni kazi iliyoanza kwa mashine chache mno. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, alifika Unguja mwaka 1864, na misheni yake ilikuwa na mtambo mdogo wa chapa. Vijana waliookolewa katika majahazi ya watumwa walifundishwa kupanga herufi za risasi, moja moja, mpaka ukurasa ukatimia. Mtambo ulikuwa mmoja, na vitabu vilivyotakiwa vilikuwa vingi. Kwa hiyo kila kitabu kilingoja zamu yake. Huku bara, wamisionari wa Kikweka kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, mahali ambapo kwa miaka mingi palihesabiwa kuwa katika wilaya ya Kakamega, na leo pako katika kaunti ya Vihiga. Mmoja wa wamisionari wa Kikweka, Emory Rees, alifanya kazi pamoja na Joel Litu, mwenyeji wa nchi hiyo, ya kuyatafsiri maandiko kwa Kilogooli. Tafsiri yaweza kufanywa na watu wawili chini ya mti; lakini haiwafikii watu elfu mpaka ipate mtambo, na mtambo huo ulikuwa mali ya wengi.

Miaka ilipopita, shule zetu zilipata chombo kidogo zaidi, yaani mashine ya kurudufu. Wazee waliosoma katika miaka ya 1950 na 1960 waikumbuka vizuri. Karani alipiga taipu juu ya karatasi ya nta iliyoitwa stensili, akaizungusha katika pipa lenye wino, na karatasi zikatoka moja baada ya moja, zikinuka wino. Walimu walimpelekea karani kazi zao, naye akaziweka juu ya meza kwa taratibu ya kufika kwake: iliyotangulia kufika ilitangulia kutoka, isipokuwa mwalimu mkuu alipokuwa na haraka. Karani huyo, ingawa hakujijua, alikuwa akifanya kazi ambayo leo hufanywa na seva. Tena tulitie moyoni jambo moja: mashine ile ilipokwama, karani aliifungua kwa bisibisi, akatazama ndani, akaona kilichokwama, akakitoa. Hapana mtu aliyemkataza kuangalia ndani ya chombo alichokitumia.

Kakamega ni mahali pafaapo kuzungumzia mali ya wengi. Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1963, wananchi waliitwa kujenga kwa Harambee, na watu wa Magharibi waliitikia. Chuo cha WECO kilianzishwa mjini Kakamega mwaka 1972 katika roho hiyo ya Harambee, ili vijana wajifunze ufundi. Mwaka 2002 kilifanywa kuwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi, na kwa sheria ya mwaka 2006 kikawa chuo kikuu kamili, kikapewa jina la Masinde Muliro, mwanasiasa wa Magharibi aliyefariki mwaka 1992. Chuo kilichoanza kwa michango ya wengi ni ushahidi ya kuwa haba na haba hujaza kibaba. Lakini jengo likiisha kusimama, kazi ya pili huanza, nayo ni kulitunza. Na ndivyo ilivyo kwa kila chombo cha pamoja.

Sasa hebu tuvuke bahari, maana printa ya pamoja tuijuayo ilizaliwa katika vyuo vikuu vya Marekani. Katika miaka ya 1960 na 1970 tarakilishi ilikuwa ghali kama jengo zima, kwa hiyo watu wengi waliitumia moja. Kama kila mtu angeliruhusiwa kuitumia printa kwa wakati mmoja, mstari wa barua ya huyu ungelichanganyika na mstari wa hesabu za yule. Dawa ilikuwa ni ghala. Kila kazi huwekwa kwanza ghalani. Kisha programu moja tu, iliyopewa amri juu ya printa, huzitoa kazi moja moja. Katika mwanzo wa miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley waliitia programu ya namna hiyo katika mfumo wao wa Unix, nayo iliweza kupokea kazi kutoka tarakilishi nyingine kwa njia ya waya. Hapo ndipo printa ilipoacha kuwa mali ya meza moja ikawa mali ya nyumba nzima.

Karibu na wakati huohuo lilitokea jambo dogo lililozaa mambo makubwa. Katika chuo cha MIT kulikuwa na mtaalamu kijana aitwaye Richard Stallman. Printa ya maabara yake ilikuwa ghorofa nyingine, na karatasi zilikuwa na desturi ya kukwama. Watu walipeleka kazi zao, wakangoja, wakashuka, wakakuta kazi zote zimesimama kwa sababu ya karatasi moja iliyojikunja. Stallman hakuweza kuiponya mashine yenyewe. Lakini programu yake ilikuwa wazi, akaisoma, akaibadili. Tangu siku hiyo karatasi ilipokwama, wote waliokuwa wakingoja walipelekewa habari, na mmoja wao akaenda kuikwamua.

Baadaye kampuni ya Xerox iliipa maabara hiyo printa mpya, yenye kupiga chapa kwa mwanga wa leza. Ilikuwa nzuri na ya haraka, lakini nayo ilikwama. Stallman alipotaka kuifanyia kama ile ya kwanza, aliona ya kuwa maandishi ya programu yake hayakuletwa. Yaliletwa yale tu yasomwayo na mashine, ambayo binadamu hawezi kuyafahamu. Alimwendea mtaalamu wa chuo kingine aliyekuwa nayo maandishi hayo, akamwomba nakala. Alinyimwa, kwa kuwa yule mtu alikuwa ametia sahihi ahadi ya kutoyatoa. Stallman ameisimulia habari hiyo mara nyingi, na husema ya kuwa hapo ndipo alipotambua ubaya wa siri za namna ile. Ahadi ile ya mtu mmoja iliwafunga watu wengi ambao hawakuwapo ilipotolewa. Karani wetu wa stensili aliweza kuifungua mashine yake kwa bisibisi. Mabwana wasomi wa MIT hawakuweza kuifungua yao.

Mwaka 1983 Stallman alitangaza kazi aliyoiita GNU: kuandika mfumo mzima wa tarakilishi ambao kila mtu atakuwa huru kuutumia, kuusoma, kuurekebisha na kumpa mwenziwe. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Helsinki, katika nchi ya Finland, aitwaye Linus Torvalds, alitangaza kiini cha mfumo alichokuwa amekiandika mwenyewe. Kiini hicho kiliitwa Linux, na mwaka 1992 alikiweka chini ya leseni ya GNU. Vitu hivyo viwili vilipooana, ulimwengu ukapata mfumo kamili usio na bei wala kufuli. Mwaka huohuo wa 1992 Andrew Tridgell wa Australia alianza programu ambayo baadaye iliitwa Samba, iliyoziwezesha tarakilishi za Windows kutumia mafaili na printa zilizo katika seva ya namna nyingine. Hatimaye Michael Sweet, Mmarekani, alianza mwaka 1997 kutunga programu ya kupiga chapa iitwayo CUPS, nayo ikatolewa kwa watu mwaka 1999. Kampuni ya Apple iliitia katika tarakilishi zake mwaka 2002. Kwa hiyo programu inayoendesha printa ya tajiri yaweza kuwa ndiyo ileile iendeshayo printa ya shule ya kijijini.

Habari hizi zilitufikia sisi kwa hatua. Mtandao wa elimu wa Kenya, uitwao KENET, uliundwa mwaka 1999 ili kuviunganisha vyuo. Mwaka 2002 lilianzishwa shirika la Computers for Schools Kenya, lililozipelekea shule tarakilishi zilizokwisha kutumika kwingine. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini alitoa mfumo wa Linux alioupa jina la Ubuntu, neno ambalo Mbantu yeyote hulitambua: sisi husema utu, na Waluhya humwita mtu omundu. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika kazi iliyoitwa Kilinux, kilitoa programu ya afisi inayosema Kiswahili, iliyoitwa Jambo OpenOffice. Hilo liliwezekana kwa sababu moja tu: maandishi ya programu yalikuwa wazi, na hapakuwa na haja ya kumwomba mtu wa ng'ambo ruhusa ya kuyatia maneno yetu. Kisha mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kwa njia ya bahari, na intaneti ikaanza kwenda kwa kasi.

Je, shule hufanyaje ikitaka printa ya pamoja? Si kazi ya kutisha. Kwanza huchaguliwa tarakilishi moja, hata iliyo kuukuu, ikatiwa Linux na CUPS. Hiyo ndiyo seva. Pili, printa huunganishwa na mtandao wa shule, ikapewa anwani isiyobadilika, kwa maana nyumba inayohama kila siku haipati barua. Tatu, printa hupewa jina la kueleweka, kama vile «Afisi ya Walimu», nayo huandikishwa katika seva pamoja na kiendeshi chake. Kiendeshi ni mkalimani: huyageuza maandishi yetu yawe katika lugha ambayo printa hiyo huifahamu. Nne, seva huamriwa kuitangaza printa kwa tarakilishi nyingine, na kuambiwa ni nani aruhusiwaye kuitumia. Mwenye kuisimamia seva hufanya kazi hizi katika ukurasa unaofunguliwa kwa mlango wa namba 631, ambao ndio mlango wa kawaida wa kupiga chapa katika mtandao.

Mwalimu atoapo amri ya kupiga chapa, seva huipokea kazi yake, huipa namba, huiweka ghalani ndani ya diski, huipitisha kwa mkalimani, kisha huipeleka kwenye printa zamu yake ifikapo. Kwa kuwa ghala limo katika diski, kazi inayongoja haipotei umeme ukikatika. Faida hiyo si ndogo kwetu, kwani Kakamega ni nchi ya mvua nyingi na radi za alasiri. Hata hivyo seva yataka betri ya akiba ili izimwe kwa utaratibu, na yafaa iwe na kinga ya radi.

Lakini kusimamisha ni jambo moja, na kusimamia ni jambo jingine. Mara nyingi seva ikishindwa kuifikia printa, huifunga foleni nzima ili kazi zisiharibike, na hata printa ikipona, foleni hubaki imefungwa mpaka msimamizi aifungue. Asiyelijua jambo hilo huizima mashine na kuiwasha mara kumi, akailaumu bure. Tena seva huweza kuandika daftari: nani alipiga chapa, saa ngapi, kurasa ngapi. Mali bila daftari huisha bila habari, na karatasi na wino ni mali. Kwa daftari hilo shule huweza kuona rimu zimekwenda wapi, na kuweka kiasi kwa kila mtu, ili mmoja asipige chapa kitabu kizima cha mambo yake huku darasa likikosa mtihani. Kadhalika ruhusa ni lazima. Karatasi za mtihani zikipita katika foleni iliyo wazi kwa wanafunzi, hiyo si foleni tena, ni soko.

Usalama nao wahitaji macho. Mwezi wa Septemba 2024 mtaalamu wa Italia, Simone Margaritelli, alitangaza ya kuwa ameona nyufa katika baadhi ya programu zinazofuatana na CUPS. Mtu mbaya, akiupata mlango ule wa 631 uko wazi kwa dunia nzima, angeweza kuidanganya seva iamini printa ya uongo, na kwa njia hiyo kuingiza amri zake. Wako waliosema ya kuwa habari hiyo yaonyesha udhaifu wa programu zilizo wazi. Maneno yao yana chembe ya kweli, kwa sababu nyufa zilikuwapo na wengi hawakuziona. Lakini tuangalie pia yaliyofuata: kwa kuwa maandishi yalikuwa wazi, mtu asiye na cheo chochote katika kazi hiyo aliweza kuyasoma na kuuona ufa, na dawa iliyotolewa kila mtu aliweza kuichunguza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa usioruhusiwa kuutazama, utauzibaje? Hata hivyo dawa haijinywi yenyewe. Seva ambayo msimamizi wake hakuisasisha ilibaki na ufa wake, iwe Kakamega au California.

Hapa ndipo lilipo funzo la historia hii kwenu, vijana. Tangu mtaala mpya wa umilisi ulipoanza, Baraza la Mitihani limekuwa likiweka baadhi ya kazi za tathmini katika tovuti yake, ili shule zenyewe zizipakue na kuzipiga chapa. Kwa hiyo printa iliyokwama si udhia wa karani peke yake. Yaweza kuwa mtoto ameketi darasani, kalamu mkononi, akingoja karatasi isiyokuja. Siku hiyo shule haitasaidiwa na ukubwa wa mashine yake. Itasaidiwa na mtu mmoja ajuaye kazi imekwama wapi: katika tarakilishi ya mwalimu, katika mtandao, katika ghala la seva, au katika printa yenyewe. Na shule ambayo mtu huyo ni mmoja tu iko hatarini, kwa maana akihama, ujuzi huhama naye. Yafaa awafundishe wawili au watatu, na kuyaandika aliyoyafanya.

Tumeona, basi, ya kuwa chombo cha wengi hutaka mambo matatu. Hutaka zamu, ili mwenye nguvu asimpite mnyonge. Hutaka daftari na mlinzi, ili kisiliwe na wachache. Na hutaka kuwa wazi, ili anayekitumia aweze kukifahamu na kukitengeneza. Wazee wa Magharibi walichanga fedha wakajenga chuo. Wengine, katika nchi za mbali, walichanga maarifa wakajenga mfumo, na mchango wao umewekwa mbele yetu bila ya bei. Maandishi ya Linux na ya CUPS yako wazi kwa kijana wa Kakamega sawasawa na kwa profesa wa Helsinki. Lililobaki ni kuyafungua na kuyasoma.